Chumba cha Wakwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema kwa sababu msomaji ataligundua mwenyewe hata nikilificha. Miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nesi kijana katika hospitali moja ya mjini Mbeya, hasira zangu nyingi zilikwenda kwa ugonjwa mmoja tu, pepopunda.

Magonjwa mengine yalikuwa na adabu kidogo. Nimonia ilikuja na homa yake, tukaipiga sindano, ikatii au ikakataa. Malaria tuliizoea kama jirani mkorofi. Pepopunda ilimshika mtu mzima mwenye nguvu zake kwa sababu ya mchubuko aliokwisha kuusahau. Ilimfunga taya, ikamkaza shingo, ikamkunja mgongo mpaka ukainuka kitandani, na muda wote huo ikamwachia akili timamu ili aone kila kitu. Ukiangusha kijiko sakafuni, mwili wote unakakamaa. Ukimgusa bila kumtahadharisha, unakakamaa. Na mshtuko mmoja ukirefuka, pumzi inakatika, basi.

Tulikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa mahututi, karibu na meza ya manesi ili tusiwe mbali nao. Tulikuwa na seramu ya kuzuia sumu ya kidonda isienee, na tulikuwa na dawa ya kutuliza mishtuko, dawa ya zamani yenye harufu kali iliyokaa kwenye nywele zangu hata nikajikuta Jumapili kanisani nimeachiwa benchi nzima. Wengine walipona. Wengi hawakupona. Tuliwafunika, tukafungua madirisha, tukangoja mwingine.

Ndipo zikaja habari kutoka Iringa. Katika hospitali moja ya misheni, nje kidogo ya mji, walikuwa wamepata dawa mpya kutoka Ulaya, na watu wa pepopunda walikuwa wanainuka na kwenda kwao kwa miguu. Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu, na hakuwa mwepesi wa kuamini. Ungemwambia mvua inanyesha angetoa mkono dirishani kwanza. Akanituma mimi niende nikaone, nijifunze namna ya kuitumia, nirudi na kiasi watakachoweza kutugawia. Nilichaguliwa kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto wa kuniulizia, na labda pia kwa kuwa matroni, mkuu wetu sisi manesi, alitaka kupumzika na mdomo wangu.

Basi lilipita Chimala, likapita Makambako, likatutia vumbi mpaka kope. Kule Iringa nilikaa muda wa kutosha kuona kwa macho yangu. Nilimwona mama mmoja aliyejikata na panga, taya limefunga kabisa, lakini amelala ametulia, anapumua, analishwa uji mwembamba kwa mpira wa puani. Baada ya siku kadhaa nilimwona akikunja vidole vya miguu kwa kuvichezea tu. Nilitoka nje nikashika ukuta. Wagonjwa wa namna ile nilikuwa nimezoea kuwafunika.

Nikarudi Mbeya nimepakata sanduku la vichupa vilivyofungwa kwa pamba, na kila gurudumu lilipoingia shimoni nilimtukana dereva moyoni. Nilipofika nilihubiri. Niliwasimulia manesi, madresa wa kufunga vidonda, wapishi, nikatia na chumvi kidogo pale ilipohitajika. Nilisema tumekombolewa.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akavishika vile vichupa kimoja kimoja, akasema, "Ni vichache. Tutakwenda kwa zamu."

Zamu yake ilikuwa hivi. Mgonjwa wa pepopunda akija, anapewa dawa mpya. Atakayemfuata anapewa ya zamani. Anayefuata, mpya tena. Seramu wanapata wote. Hakuna anayechagua, hata yeye mwenyewe. Asiangalie nani mdogo, nani mkubwa, nani ana nafuu, nani mtoto wa nani.

"Kwa nini tusiwape wote mpaka iishe?" nilimuuliza.

"Ikiisha tutakuwa tumejua nini?"

"Tutajua kwamba wamepona!"

"Na wale ambao wangepona bila dawa hiyo? Utawatenga namna gani?"

Niliona ni ubishi wa watu walioshiba. Nikaenda zangu kuchemsha sindano kwa kishindo.

Tukaanza. Na aibu yangu ikaanza pamoja nayo, maana dawa ile haikufanya Mbeya mambo iliyoyafanya Iringa. Waliopewa walikuwa watulivu zaidi kidogo, hilo lilionekana. Lakini walikufa nao, karibu sawa na wenzao wa dawa ya zamani. Mtunza stoo alisema dawa ilitikiswa sana njiani. Matroni alisema ni baridi ya Mbeya. Mimi nilisema Iringa wametupatia mabaki, wakabaki na nzuri yao. Daktari alikuwa anatembea barazani mikono nyuma, anakuja, anarudi.

Mambo yalikuwa hapo baba yangu alipoletwa.

Alikuwa mkulima, amehama Tukuyu zamani na kufungua shamba Ilomba, ambayo siku hizo ilikuwa mahindi na migomba, nyumba moja hapa na nyingine kule. Wakati wa palizi alijikata mguu kwa jembe. Akapaka majivu, akafunga kitambaa, akaendelea na mstari wake. Kidonda kilifunga vizuri tu. Kisha asubuhi moja akashindwa kufungua mdomo aingize tonge. Nyumbani wakadhani ni jino. Kaka yangu alipomleta kwa machela, yeye na vijana wa jirani, mvua imewalowesha wote, niliinua shuka nikaona uso wa baba umevutwa pembeni kama anacheka. Sikuhitaji kuambiwa.

Na zamu ilikuwa ya dawa ya zamani. Mgonjwa aliyetangulia, seremala kutoka upande wa sokoni, alikuwa amepewa ile mpya, naye alikuwa kitanda cha pili.

Nilimpa baba dawa ya zamani kwa mkono wangu. Harufu yake ikanipanda kichwani, nikafanya kazi nimeuma meno.

Sasa lazima niseme juu ya wageni. Baba alikuwa mzee wa watu. Habari zikishafika Ilomba kwamba fulani yuko mahututi, hakuna aliyebaki nyumbani. Kwetu mgonjwa husalimiwa. Huwezi kufika kitandani kwa mtu ukakaa kimya kana kwamba amekwisha kufa; hiyo ni laana. Unainama, unamsalimu, unamwita, unamuuliza amelalaje, na yeye anakuitikia hata kwa kidole. Wakaja. "Ugonile, tata!" anasema mmoja, yaani umelalaje, baba, na mwili wa baba unakakamaa kama ubao. "Ugonile!" anasema wa pili, kwa huruma zaidi, kwa hiyo kwa sauti zaidi. Na baba, mtu wa adabu tangu utoto wake, anajitahidi kuitikia kwa meno yaliyofungwa. Kila akijitahidi, mshtuko unampanda tena. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na sala ndefu, na mvua juu ya bati ikawa inashindana naye, naye hakutaka kushindwa.

Nikawafokea. "Tokeni! Mnamuua!" Na kwa kelele zangu hizo baba akakakamaa mpaka nikaona midomo imebadilika rangi. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa amekaa chini miguuni pa kitanda, akaniangalia kwa macho makali.

"Watu wamekuja kumwona ndugu yao, wewe unawafukuza kama kuku. Hayo ndiyo uliyosomea?"

Nilitoka mbio. Daktari alikuwa barazani. Nikasimama mbele yake.

"Bwana Daktari, yule ni baba yangu."

"Najua, Nesi."

"Mpe ile mpya. Nakuomba. Vichupa vipo, nimevileta mimi, nimevipakata kama mtoto. Nipe kimoja tu."

Alikaa kwenye benchi ya wagonjwa wa nje, akanionyesha nami nikae. Sikutaka kukaa. Akasema taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kunyoosha, "Kama ningejua inaponya, ningempa sasa hivi, na zamu ningeitupa dirishani. Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Najua! Nimeona Iringa."

"Basi kaa uniambie tena. Lakini usiniambie dawa. Niambie chumba."

Kwanza nilitamani kumpiga na kitu. Baba yangu anakata roho, mtu ananiuliza habari za chumba. Lakini nikakaa, nikaanza kujibu kwa hasira, neno moja moja. Chumba kikoje? Kibanda. Kiko wapi? Nyuma, mbali na barabara, karibu na miti. Ukuta? Matofali mabichi. Paa? Nyasi. Sakafu? Udongo, juu mikeka ya matete, manesi hawavai viatu. Dirisha? Limezibwa kwa blanketi. Nani anaingia?

"Hakuna anayeingia. Sista wa kule ni mkali, tena Wahehe wenyewe wanamwogopa. Ndugu wanakaa chini ya kilima, wanapika kule kule, wanaletewa habari. Ndani tulikuwa tunaongea kwa..."

Nilikuwa nimeinua mikono kuonyesha jinsi tulivyonong'onezana, na mikono ikabaki hewani. Nyuma yangu mvua ilikuwa inapiga bati, na ndani mtu mwingine alikuwa anamsalimu baba.

Daktari naye alikuwa amefumba macho. "Nilikutuma ukaangalie dawa," alisema, "nawe ukaangalia dawa. Ningekuwa mimi ningeangalia dawa vilevile. Nimekaa hapa nikihesabu waliokufa, nikilaumu chupa."

Tulibaki pale, watu wawili wenye kazi moja, tumefadhaika sawasawa. Niliona wazi kilichokuwa kinatakiwa, kimya, na papo hapo nikaona hakiwezekani. Ningewaambiaje watu wa Ilomba wasimsalimu baba? Ningefunga mlango, wangesema nimemzika kabla ya siku yake. Shangazi angelala mlangoni. Na baba mwenyewe, akili zikiwa timamu, angesikia kimya kile na kujua kwamba watu wake wamemwacha.

Ndipo wifi yangu akaja, mke wa kaka. Alikuwa ameleta chakula chetu sisi tunaouguza. Hakupanda barazani. Alisimama nje kwenye manyunyu, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso, akaweka kikapu mwishoni mwa baraza, akakigonga kidogo kwa vidole ili nijue, akageuza mgongo kuelekea chumba alicholala baba na kuondoka kwa hatua laini. Hata matope hayakumlia miguuni.

"Huyo ana ugomvi na baba yako?" aliuliza daktari.

"Hapana. Ni mke wa kaka yangu. Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, hasemi mahali ambapo mkwe atasikia. Akimwona njiani anapinda kwenye migomba mpaka apite."

"Kwa sababu hampendi?"

"Kwa sababu anamheshimu! Hakuna anayemheshimu baba kuliko huyu. Baba anajisifu kwa ajili yake, kwamba ana mkwe mwenye..."

Tuliangaliana. Sijui nani alisimama kwanza. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa ninacheka na machozi yananitoka, na daktari alikuwa anasema, "Nenda, nenda, waambie."

Nilimwita Shangazi nje. Nilijitahidi kusema kwa upole, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu. "Shangazi, ugonjwa huu wa baba unataka wakwe. Kuanzia sasa kila atakayekaribia chumba chake ni mkwe wake. Hamtazami, hasemi, hakanyagi kwa kishindo."

"Mimi dada yake wa tumbo moja niwe mkwe wake? Una wazimu?"

"Umeona anavyokakamaa watu wakimsalimu?"

Alikuwa ameona. Alikuwa amekaa miguuni pake tangu asubuhi, asingeweza kukosa kuona.

"Na salamu za watu je? Zitakwenda wapi? Watu watembee kutoka Ilomba na mvua yote hii, warudi na salamu zao mdomoni?"

"Utazipokea wewe. Utakaa kule langoni, mbali, kwenye mti wa mkaratusi. Kila mtu atakusalimu wewe kama anamsalimu yeye, nawe utaitikia kwa niaba yake. Siku akifungua mdomo utampelekea zote."

Shangazi alifikiri. Nilimwona uso unabadilika. Alikuwa mwanamke mwenye sauti na kumbukumbu, na maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpa cheo. Akajifunga kanga kiunoni.

"Basi yule mzee wa kanisa naye ni mkwe," alisema. "Akapigie sala zake kule kwangu."

Siku hiyo tuliwahamisha baba na yule seremala, kwa sababu daktari alisema hakubali chumba kimya kwa ajili ya baba wa nesi peke yake. Tukawapeleka nyuma kwenye stoo ya mashuka, penye kuta nene na kidirisha kimoja. Nilimnong'oneza baba kwamba watu wake wote sasa ni wakwe, na salamu zao anazipokea Shangazi, na kwamba sitamgusa kabla ya kumtahadharisha kwa ncha ya kidole. Matroni alinung'unika kuhusu mashuka yake, kisha akayabeba mwenyewe. Lililobaki lilikuwa bati. Kaka yangu na vijana waliobeba machela walikwenda kukata nyasi bondeni, wakazitandaza juu ya paa lile, tabaka juu ya tabaka, wakazifunga kwa kamba za migomba wakaweka na mawe. Walifanya kazi ile bila kusemezana, wanaelekezana kwa vidole, watu wazima waliozoea kuimba wakiezeka. Mvua iliporudi mchana, nilikuwa ndani nimeshikilia pumzi. Niliisikia kwa mbali tu, kama inanyesha kwa jirani.

Daktari alikuja amevua viatu. Miguu yake mirefu ndani ya soksi ilinichekesha, nikauma shavu. Aliinama sikioni kwangu. "Ikifika kesho mishtuko haijapungua, nitampa ile mpya. Zamu au si zamu." Kisha akatoka kwa ncha za vidole.

Nilikuwa nimemwona mtu yule miezi mingi kama mwalimu wa hesabu. Kumbe alikuwa na moyo uleule niliokuwa nao mimi, ila alikuwa haupi usukani.

Kesho ilifika na dawa mpya haikuhitajika. Nasema hivyo kwa maneno machache lakini asubuhi ile niliiishi kwa pumzi moja moja. Baba alikuwa bado amefunga taya, shingo ngumu, harufu ya dawa ya zamani imejaa chumbani. Lakini kati ya mshtuko na mshtuko palianza kupatikana nafasi. Nafasi ile ikarefuka. Niliweza kumgeuza ubavu, nikimgusa kwanza kwa ncha ya kidole kama tulivyokubaliana, na mwili ukakubali kugeuzwa. Seremala kwenye kitanda chake alikuwa amelala usingizi mzito wa dawa mpya, mdomo umelegea kidogo. Niliwatazama wote wawili na kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu.

Kule langoni Shangazi alikuwa anatawala. Nilisikia baadaye kwamba aliwapanga watu kwa ukoo, na kwamba mtu aliyemsalimu haraka haraka alirudishwa asalimu upya. Daktari mwenyewe alipita akitoka kwenye nyumba yake, akazuiwa.

"Unaingia kwa ndugu yangu hujasalimu?"

"Ugonile," alisema daktari.

"Tumepokea. Vua viatu."

Sitaki mtu afikiri kwamba nyasi na kimya ndivyo vilivyotibu pepopunda. Ningekuwa nafanya kosa lilelile nililofanya niliporudi na sanduku. Tuliendelea na zamu mpaka vichupa vikaisha, lakini sasa wagonjwa wote wakiwa katika chumba kile kimoja, wakwe wote nje, na tofauti pekee ikiwa ni sindano. Dawa mpya ilionyesha thamani yake. Iliwapumzisha, iliwapunguzia mateso, ilitusaidia kuwalisha bila kuwaumiza. Lakini ule muujiza niliouhubiri haukuwa wake wote. Wa dawa ya zamani nao walianza kurudi makwao, wengi kuliko zamani, na wengine wa dawa mpya tuliwapoteza bado, tukawalilia.

"Dawa ni nzuri," aliniambia daktari vichupa vilipoisha. "Si nzuri kama ulivyosema wewe. Ni nzuri kuliko nilivyoogopa mimi."

"Na baba amepona kwa nini?"

"Labda seramu. Labda kimya. Labda kidonda hakikuwa na sumu nyingi. Mtu mmoja hawezi kutuambia."

Zamani jibu hilo lingenipandisha mori. Siku ile nilishukuru kufanya kazi na mtu anayeweza kusema hivyo kwa nesi wake bila kuona haya. Baadaye alikwenda Iringa mwenyewe, wakaongea na yule Sista mkali, na nasikia Sista alimwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za mikeka yake.

Lakini nirudi kwenye stoo ya mashuka, kwa kuwa ndipo moyo wangu uliposhuka mahali pake.

Ilikuwa asubuhi yenye jua, mvua imepumzika. Baba alikuwa na siku nyingi bila mshtuko mkubwa, ingawa taya lilikuwa bado halijaachia. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija na kunijibu kwa macho. Daktari aliruhusu watu wachache sana waingie, kwa sharti. Shangazi akachagua wa kwanza: yeye mwenyewe, na yule mzee wa kanisa, aliyekuwa amesali chini ya mkaratusi siku zote zile na kwa kweli alistahili. Waliingia miguu mitupu, wamepangana kama watoto wa shule. Kaka alisimama mlangoni.

Mzee wa kanisa alianza sala ya shukrani. Aliianza kwa kunong'ona, na alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi. Alishukuru kwa ajili ya mguu, kwa ajili ya jembe, kwa ajili ya serikali, kwa ajili ya Wazungu wanaovua viatu. Akapita kwa manabii. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa sijafumba macho, kwa kuwa nesi hafumbi, na macho yangu yalikuwa kwenye uso wa baba.

Niliona kitu kinatembea shavuni mwake. Nikasogea haraka, mkono tayari, nikidhani mshtuko umerudi. Kidevu chake kilitikisika. Kikashuka kidogo. Kikasimama. Halafu kikashuka tena, polepole, na mdomo ukafunguka, ukafunguka, nikaona meno ya mbele, nikaona ulimi, nikaona magego ya nyuma kabisa na lile pengo la jino alilong'olewa nikiwa mdogo. Na kutoka ndani ya mdomo ule, katikati ya manabii, baba yangu akapiga mwayo mrefu wenye sauti, mwayo wa mtu aliyechoshwa kabisa na sala.

"Ndugu yangu!" alisema Shangazi kwa hasira. "Mbele ya Mungu!"

Mzee wa kanisa alifumbua macho. Baba aliufunga mdomo wake, akaujaribu tena, ukafunguka tena. Akaniangalia mimi.

Nilitoka nje bila ruhusa ya mtu. Daktari alikuwa anakuja, viatu mkononi, na aliponiona ninalia hivyo uso wake ukamwanguka, akasimama palepale, hakuthubutu kuuliza.

"Amepiga mwayo," nilimwambia. "Bwana Daktari, baba amepiga mwayo."

Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, suruali yake nyeupe na yote, akajifunika uso kwa mikono.